Jaji wa miradi ya mwanga kafanya DVD ya wanafunzi wangu kioo cha kuchokolea meno. Moda msiunganishe huu uzi

Wakuu habari za jioni, ingawa kwangu si nzuri.

Naandika nikiwa nimening'inia kwenye daladala la Mbagala Rangi Tatu. Mkono mmoja bomba, mwingine simu, boksi la viatu nimelibana kwapani, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Nikisema nisubiri hadi nifike nyumbani nitapasuka, na konda ameshasema hasafishi.

Yule bwana. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kila maonyesho, kila mahafali, kila uzinduzi wa kisima, anayevaa miwani nyeusi ndani ya ukumbi. Leo wamempa aamue miradi ya sayansi ya wanafunzi, kipengele cha mwanga. MWANGA, wakuu. Na miwani nyeusi usoni. Ni sawa na kumwita mtu aliyefunga aje aonje chumvi ya futari saa saba mchana.

Nafundisha fizikia shule moja ya kata. Maabara yetu ina meza nne na bango la jedwali la elementi ambalo panya wamekula upande wote wa kulia, gesi ajizi hatuna hata moja. Katika hali hiyo hiyo mabinti wangu wawili wa Kidato cha Tatu wakatengeneza spektroskopu, kifaa cha kuutenganisha mwanga uone rangi zake. Boksi la viatu. Upande mmoja nyembe mbili zimegandishwa kwa solotepu zikaachiana ufa mwembamba, mwanga uingilie hapo. Upande wa pili kipande cha DVD, maana DVD ukiipasua kwa kisu ubavuni inaachana sahani mbili, na ile inayopitisha mwanga ndiyo yenye kazi. Mifereji yake imeachana nanomita 740 (nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni). Ya CD imeachana 1,600, ndiyo sababu CD haitawanyi rangi kwa mapana kama DVD. Hilo sikuwafundisha mimi, wao ndio waliniambia mimi, nikajifanya nilikuwa najua.

DVD zenyewe ni za harusi yangu. Zilikuwa mbili. Ya kwanza tukaipasua, ya pili tukaiweka nzima mezani watu waone rangi zinavyocheza. Mama watoto bado hajui.

Sasa sikilizeni. Wakaielekeza kwenye taa ya tyubu ya ofisi ya mwalimu mkuu. Globu ya zamani ukiitazama humo unaona upinde mzima, laini, rangi zimeshikana mikono. Tyubu ina mvuke wa zebaki ndani, kwa hiyo inatoa mistari inayowaka, kila mmoja mahali pake. Wakapima mstari wa kijani kwa kipimapembe cha mkebe wa hesabu. Nyuzi 48. 740 mara sini ya 48, wakapata urefu wa wimbi la huo mwanga: 550. Mstari wenyewe wa zebaki uko 546. Nanomita nne! Kwa boksi la viatu! Mimi kwa mizani ya duka la mtaani napunjwa sukari zaidi ya hapo.

Wiki tatu wamefanya mazoezi ya kujieleza. Wamejieleza kwangu, kwa mlinzi, kwa mama ntilie, hadi mama ntilie akawa anawauliza wateja wake kama wanajua nanomita.

Yule bwana akafika mezani. Binti akaanza, "Shikamoo mheshimiwa, mradi wetu unahusu..." Hakuitikia. Akanyanyua ile DVD nzima. Akaigeuza taratibu. Nikasema moyoni, ameuona upinde, sasa anauliza swali.

AKATOA MENO.

Akajitazama. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kijiti, akachokoa. Akaiinamisha DVD ipate taa vizuri, akachokoa tena, likatoka pande la nyama ambalo kwetu lingetosha mboga ya siku mbili. Akamrudishia binti. "Asante mwanangu, kioo kizuri." Akaondoka.

Tuzo akampa mtoto mwenye taa ya disko inayozunguka, ya Kariakoo, stika ya bei bado iko chini: 25,000. Bango linasema "Mfumo wa Kisasa wa Nuru Jumuishi". Swali la kitaalamu aliloulizwa mtoto: "Inacheza na muziki?" Ikacheza. Mheshimiwa naye akacheza. Kikombe.

Lakini tuzo siyo inayoniuma. Ni kile kijiti. Na kuna kitu nimekikumbuka sasa hivi hapa Mtoni kwa Aziz Ali nikataka kushuka nirudi kwa miguu: ile miwani nyeusi, mbele ya miradi yote ya watoto hakuivua. Alipofika kwenye meno yake ALIIPANDISHA KICHWANI. Yaani alijua kabisa kwamba na miwani haoni!

Na aliinamisha DVD ipate mwanga. Pembe ya kuingia, pembe ya kutoka. Mkono wake unaijua fizikia. Ni kichwa tu.

Binti ameifuta DVD kwa upindo wa sare yake, akaiweka tena mezani, akasema, "Mwalimu, labda anayefuata atauliza." Hakuna aliyefuata.

Nimemaliza. Sijamaliza, ila nashuka.

Kiroboto wa Tandika: Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya meno.

Bibi Harusi Mstaafu: Kwa hiyo mheshimiwa amechokolea meno kwenye harusi yako? Nimecheka hadi mtoto kaamka.

Konda wa Zamani: Mtu wa Rangi Tatu unahangaika kutafuta rangi ya nne ya nini? Ridhika na mlizopewa.

Mzee wa Wembe: @Konda wa Zamani umetania lakini umegusa penyewe. Nyekundu, kijani, buluu. Kioo cha simu yako kina hizo tatu tu, nyeupe unayoiona ni zote zikiwaka pamoja. Dondoshea tone la maji kwenye kioo utaziona zimejipanga.

Konda wa Zamani: Nimedondoshea. Simu imezima. Nani analipa?

Sahihisha Kwanza: Mkuu nina swali kabla sijakuonea huruma. Bangoni mliandika "kupinda kwa mwanga" au nini? Mwanga kupinda ndani ya prizimu ni refraksheni. DVD inafanya difraksheni, yaani mwanga kutawanywa na ile mifereji. Kama mlichanganya, jaji alikuwa na haki ya kuchokoa meno.

Ticha wa Kata (mwanzisha uzi): Bango limeandikwa difraksheni. Kwa herufi kubwa. Ungejua hilo kama ungekuwepo, na angejua yeye kama angelisoma, lakini alikuwa anasoma gego.

Sahihisha Kwanza: Sawa. Pole. Ila 550 ungeandika na kiwango cha makosa.

Povu la Omo: Ticha tuliza mshono. Newton alifanya haya mambo kwa prizimu tu, akaandika matokeo 1672, hakumlilia mtu kikombe.

Kitabu na Kahawa: Newton kakuta njia imeshafyekwa. Ibn al-Haytham wa Basra aliandika kitabu kizima cha mwanga na macho zaidi ya miaka 600 kabla yake. Someni.

Povu la Omo: Ilikuwa na muziki?

Kiroboto wa Tandika: Newton ni Yanga, huyo wa Basra ni Simba. Nimefunga mjadala, endeleeni na meno.

Shemeji wa Ughaibuni: Kwa wenzetu Marekani hili wamelitatua. Kuna maonyesho makubwa ya wanafunzi yanaitwa ISEF, yalianza 1950 kule Philadelphia. Ukiacha majaji wa kawaida, vyama vya wataalamu vinaleta watu wao na tuzo zao. SPIE, chama cha watu wa optiki, wamekuwa wakitoa tuzo yao humo kwa miradi ya mwanga. Anayekuja mezani ni mtu ambaye kazi yake ni lenzi na leza, ukimwambia 546 anajua unaongelea zebaki. Hapa tunatuma mtu kwa sababu ana suti.

Mama Kibao: Shemeji naye kila uzi "kwa wenzetu". Ulisema kwa wenzetu hakuna mbu, ukarudi na malaria.

Taa ya Chemli: Ticha, Mei 16 ni Siku ya Kimataifa ya Mwanga, UNESCO wanaiadhimisha, ni tarehe ambayo leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960. Fanya maonyesho yako hapo shuleni, jaji awe mama ntilie. Ameshaiva.

Konda wa Zamani: Kwetu siku ya mwanga ni siku yoyote umeme ukirudi. Tunaiadhimisha kwa kupiga kelele mtaa mzima.

Jirani wa Ukumbi: Subirini kwanza. Ni yule wa suti ya buluu na viatu vyeupe?

Bibi Harusi Mstaafu: Huyo huyo.

Mama Kibao: Hapana, wa viatu vyeupe ni mwingine. Huyu ni yule aliyekuja kuzindua kisima chetu akaomba soda.

Jirani wa Ukumbi: Basi wako wawili. Mungu tusaidie.

Mpenda Haki 1 (amejiunga: leo): Nimesoma kwa masikitiko. Mleta mada anapotosha. Jaji ni mtu mwenye majukumu mengi na ratiba yake ilibana. Pia DVD yenyewe ilikuwa chafu na taswira haikuwa nzuri upande wa kushoto. Tuache chuki.

Kiroboto wa Tandika: Karibu sana mheshimiwa.

Bibi Harusi Mstaafu: Upande wa kushoto!!! Karibu jukwaani mheshimiwa, vua miwani uone komenti.

Mzee wa Wembe: Amejiunga leo, tayari anajua DVD ilikuwa na alama ya vidole upande gani. Haya ndiyo macho tunayoyataka kwenye spektroskopu.

Mpenda Haki 1: Mimi ni mwananchi wa kawaida.

Mama Kibao: Mwananchi wa kawaida, hebu tujibu kitu kimoja. Ile nyama ulitoa wapi? Maana mdogo wangu alikuwepo hapo na wanafunzi wake, toka asubuhi walimu wamepewa maji na biskuti.

Jirani wa Ukumbi: Naishi nyuma ya huo ukumbi. Chumba cha wageni maalumu kilipelekewa pilau saa tano. Harufu ilifika hadi kwenye nguo nilizoanika.

Ticha wa Kata (mwanzisha uzi): KULIKUWA NA PILAU?

Jirani wa Ukumbi: Na kachumbari.

Povu la Omo: Sasa hapa ndiyo tunaongea. Mimi kama mwezi umepita nilichangia harusi 100,000, kamati ikanipigia simu mara tisa kama nadaiwa mkopo. Siku ya siku nikaletewa pilau lenye viazi viwili. Nyama naisikia kwenye hotuba tu.

Konda wa Zamani: Una bahati kiazi kilikuwa kimeiva.

Shemeji wa Ughaibuni: Kwa wenzetu, mchango unaambatana na

Mama Kibao: Shemeji lala.

Bibi Harusi Mstaafu: Tatizo ni wapishi wa siku hizi, wanaweka rangi badala ya kukaanga vitunguu. Pilau lina rangi ya kahawia kwa sababu kitunguu kimeungua vizuri, siyo kwa sababu ya unga wa pakiti. Na bizari nzima, siyo ya kusaga.

Sahihisha Kwanza: Kuungua na kukaangika ni vitu viwili tofauti.

Bibi Harusi Mstaafu: Umeoa wewe?

Ticha wa Kata (mwanzisha uzi): Wakuu, nimefika nyumbani salama. Tunaweza kurudi kwenye ile DVD? Binti mmoja amenitumia ujumbe anauliza kama taa za LED nazo zina mistari. Nimemjibu nyeupe nyingi zina mlima mkali wa buluu halafu rangi nyingine zinafuata kwa mteremko, aangalie mwenyewe kesho. Amesema hataki kesho, anataka boksi leo. Nani kati yenu amesoma hii habari hadi mwisho anishauri barua niandike kwa nani?

Kiroboto wa Tandika: Mkuu subiri kidogo, hapa tuko kwenye viazi.

Taa ya Chemli: Mimi niliwahi kuketishwa meza ya nyuma jirani na spika, nikala na muziki mdomoni. Wali sikuuona.

Povu la Omo: Na wale wa meza ya mbele wanaomaliza ndafu kabla haijapita! Kila mtu "naonja tu", mbuzi anabaki pembe.

Ticha wa Kata (mwanzisha uzi): Ndafu usinikumbushe! Mimi kwenye harusi YANGU, bwana harusi, na suti ya kukodi, ndafu ilizungushwa meza kuu nikapata sikio. Sikio! Paja zima lilikwenda meza ya mgeni rasmi, mtu mmoja, na bado akafungiwa nyingine kwenye mfuko. Sitaji jina. Alikuwa amevaa miwani nyeusi, saa tatu usiku. Tukio zima lilirekodiwa, dakika ya arobaini na kitu, DVD ya kwanza. Ile tuliyoipasua.