Mjadala: Umempiga mtu picha Kariakoo kwa kamera ya mkanda, anasema "futa". Unafanyaje?

Kamera ya Mjomba:
Wakuu, salaam. Jumamosi nilikuwa Mtaa wa Kongo na Pentax K1000 aliyoniachia mjomba, ndani mkanda wa rangi, Kodak Gold 200. Saa kumi jioni jua linapenya katikati ya maghorofa, linaangukia miamvuli na mitumba, kila kitu kinang'aa kama kimepakwa samli. Jamaa wa juisi ya miwa anazungusha gurudumu kwa mkono mmoja, mwingine unalisha muwa, noti ya elfu mbili kaibana kwa midomo. Nikapiga. Picha ya 31.

Akaniona. "Futa." Nikamwambia kaka, haifutiki, hii ya mkanda. "Futa bwana, mkanda gani, wa suruali?" Nikamgeuzia kamera aone haina kioo. Hapo ndipo nilipoharibu, maana sasa nimekuwa mtu mwenye kamera isiyoonyesha picha. Anaficha nini huyu? Watu wakajaa. Mmoja akasema ni wa manispaa, anapiga picha wamachinga ili waje waondolewe. Mwingine akasema wa kodi. Mwisho nikafungua mlango wa nyuma, mwanga ukaingia, mkanda ukaungua mbele ya macho yao. Wakaridhika. Jamaa akanipa glasi ya juisi bure.

Swali: mtu yuko barabarani, anaonwa na watu elfu, ana haki ya kuniamuru nifute? Mkanda mmoja pamoja na kuusafisha unanitoka karibu elfu sabini, kwa kuwa natuma nje. Mafundi wa hapa siku hizi hakuna anayejua kusafisha mkanda wa rangi bila kuuharibu.

Msela wa Buguruni:
Uzi bila picha haujakamilika. Weka picha mkuu.

Kamera ya Mjomba:
Umesoma kweli? Mkanda umeungua.

Msela wa Buguruni:
Basi weka hata ya glasi ya juisi.

Bint Gerezani:
Samahani kaka, ila nyie watoto wa Masaki mnakuja Kariakoo kama mnakwenda Mikumi. Mnatafuta mnyama mzuri kwenye mwanga mzuri. Huyo kijana kaamka saa kumi usiku kufuata miwa, wewe unamwona "kapakwa samli". Kwa nini hampigani picha huko huko kwenu mkinywa kahawa?

Kamera ya Mjomba:
Masaki? Dada, mimi nimezaliwa Tandale kwa Mtogole, chumba kimoja watu sita, maji tunanunua kwa ndoo. Usinipangie mtaa.

Bint Gerezani:
Mtu wa kwa Mtogole hachomi elfu sabini mchana kweupe halafu akanywa juisi.

Kamera ya Mjomba:
Na mtu wa Gerezani anavaa wigi la laki mbili. Tuhesabiane?

Bint Gerezani:
Wigi langu sijalipata kwa kumvizia mtu.

Shangazi wa Chumbageni:
Wanangu, taratibu. Kijana kauliza swali la haki, mmefika kwenye mawigi.

Mwanasheria wa Mchongo:
Turudi kwenye hoja. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha, ibara ya 18 inampa kijana uhuru wa kujieleza na kutafuta habari. Zinakutana Mtaa wa Kongo. Halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Kwa ninavyoisoma mimi, picha inayomtambulisha mtu nayo ni taarifa yake. Jamaa wa miwa hajui sheria, lakini pua yake imenusa vizuri.

Otieno wa Umo:
Huku kwetu Nairobi si mchezo. 2023 Kamishna wa Data alipiga baa moja faini ya 1,850,000, shilingi za Kenya bana, si zenu. Walipost picha ya mteja akijienjoy bila kumuuliza.

Kamera ya Mjomba:
Otieno, ile ilikuwa baa inajitangaza. Mimi sitangazi juisi. New York kuna mpiga picha, Philip-Lorca diCorcia, alifunga taa juu ya jukwaa Times Square, anawapiga wapita njia kwa mbali bila wao kujua. Mzee mmoja Myahudi akajikuta ukutani kwenye maonyesho, picha inauzwa maelfu ya dola, akaenda mahakamani kwamba dini yake inamkataza. Mwaka 2006 kesi ikatupwa. Hakimu akasema ile ni sanaa.

Bint Gerezani:
Kwa hiyo mzee kasema dini yangu hairuhusu, mahakama ikamjibu pole. Na wewe umeleta hiyo kama hoja ya KUKUTETEA?

Msela wa Buguruni:
Hakimu wa New York hana mamlaka Mtaa wa Kongo. Pale hakimu ni mwenye rungu.

Mtoto wa Ng'ambo:
Unguja tuna Capital Art Studio, marehemu Ranchhod Oza aliifungua 1930. Mapicha ya wazee wetu yamejaa pale ukutani. Mtu alikuwa anaoga, anavaa kanzu yake, anajitia udi, anakwenda mwenyewe kupigwa. Picha ilikuwa heshima. Hii ya kumchopoa mtu na noti mdomoni mmeitoa wapi?

Kamera ya Mjomba:
Hiyo noti mdomoni ndiyo picha yenyewe. Ningemwomba ruhusa angeitoa, angesimama wima kama yuko kwenye kitambulisho.

Shangazi wa Chumbageni:
Hapo kijana amesema jambo. Mimi sina picha hata moja ya mama yangu akipika. Zote amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, kama anasubiri daktari.

Fundi Mstaafu:
Nimesoma yote. Ya faragha siyajui, ila kuna sentensi moja hapo juu imenikera tangu asubuhi. "Mafundi wa hapa hakuna anayejua kusafisha mkanda wa rangi bila kuuharibu." Kijana, mimi nimesafisha mikanda ya rangi miaka 22 hapa hapa mjini. Developa ya C-41, yaani utaratibu wa kusafisha mkanda wa rangi, ni nyuzi 38, dakika 3 na sekunde 15. Haizidi, haipungui. Umeme ukikatika mkanda uko ndani ya mashine, tulikuwa tunausogeza kwa mkono gizani, tunahesabu kwa mdomo. Arusi ngapi za mji huu zimepita mikononi mwangu? Ipaimara, maulidi, mahafali, watu wamekufa na picha iliyobaki niliisafisha mimi. Leo unakuja na mkanda mmoja wa mjomba unasema hakuna anayejua.

Kamera ya Mjomba:
Shikamoo mzee. Sikumaanisha wewe. Mwaka jana studio moja nilipeleka mkanda ukarudi na rangi ya maji ya maharage.

Fundi Mstaafu:
Marahaba. Dawa imechoka hiyo. Mikanda ikiwa michache dawa haijazwi upya, inakaa kwenye tanki mpaka inazeeka. Kosa la dawa kuzeeka na kosa la fundi kutojua ni makosa mawili.

Msomi wa Ubungo:
Wakati mnabishana nani anajua kusafisha, mmesahau kwamba mikanda yenyewe haikutengenezwa kwa ngozi zetu. Maabara zililetewa kadi ya dada wa Kizungu, "Shirley", ndiyo ya kurekebishia mashine. Godard, yule mwongozaji wa sinema wa Ufaransa, alipokwenda Msumbiji miaka ya 70 mwishoni aliikataa filamu ya Kodak, akaiita ya kibaguzi. Leo kijana wa Tandale anailipia elfu sabini aonekane msanii. Bora ingekufa yote kama Kodachrome, ile filamu yao ya slaidi, ilivyokufa 2012 Kodak ilipofilisika.

Kamera ya Mjomba:
Kodachrome iliachwa kutengenezwa 2009. Maabara ya mwisho iliyokuwa inaisafisha, mjini Parsons kule Kansas, ikaacha mwishoni mwa 2010. Kufilisika kwa Kodak ni Januari 2012. Usichanganye misiba mkuu.

Msomi wa Ubungo:
Unajua tarehe za msiba kuliko wafiwa. La Shirley mbona umelikimbia?

Fundi Mstaafu:
Shirley namjua, nilikuwa naye ukutani miaka yote. Nikueleze inavyokwenda, Msomi. Bibi arusi mweusi, gauni jeupe limejaa picha nzima. Mashine inapima wastani, inaona mwanga mwingi mno, inaiongeza giza. Gauni linatoka kijivu na uso wa binti unakuwa shimo. Basi natoa density, yaani weusi wa picha, moja, mbili, nyingine tatu, mpaka nione macho na mashavu. Usiku kwenye ukumbi inakuwa kinyume, giza limejaa nyuma, mashine inaipausha picha, uso unatoka kama umepakwa majivu. Hapo naongeza. Vidole vyangu vilijua kabla mimi sijafikiri. Kwa hiyo ukisema mkanda haukutengenezwa kwa ajili yetu, sikukatalii. Lakini picha ya mama yako ukiiona uso wake umetoka vizuri, ujue palikuwa na mtu kwenye kitufe.

Shangazi wa Chumbageni:
Mwenyezi Mungu akuzidishie umri, fundi.

Msomi wa Ubungo:
Hiyo inathibitisha hoja yangu. Mfumo mbovu, fundi ndiye anaubeba.

Fundi Mstaafu:
Thibitisha utakavyo, mimi nilikuwa nasafisha picha.

Otieno wa Umo:
Enyewe huyu mzee amemaliza wasee. Na ule mkanda wa juisi uliishia wapi?

Kamera ya Mjomba:
Upo kwenye droo, sijautupa. Roho inauma. Najipoza na Helen Levitt, mpiga picha wa mitaani wa New York, slaidi zake za rangi ziliibwa nyumbani kwake 1970, karibu zote, akarudi mtaani akaanza upya.

Msela wa Buguruni:
Yeye aliibiwa. Wewe umejiibia.

Fundi Mstaafu:
Ngoja kwanza. Uliuvuta mkanda wote nje, au ulifungua mlango tu?

Kamera ya Mjomba:
Nilifungua. Walipoona mkanda wenyewe wakasema inatosha, nikafunga. Kama sekunde tano, sita.

Fundi Mstaafu:
Sasa sikiliza. Kamera hiyo, picha ukishapiga inajiviringa upande wa kulia, ya kwanza iko ndani kabisa, ya mwisho iko juu. Mwanga unakula za juu na kingo. Za ndani zinajificha chini ya wenzao. Hiyo ya 31 imekwenda, usiitafute. Lakini kuanzia ya kwanza mpaka kumi na kitu zinaweza kuwa nzima. Nina tanki dogo nyumbani na dawa mpya ya unga. Niletee. Nikiuharibu nakulipa mkanda mwingine.

Bint Gerezani:
Subirini. Watu walimwambia afute, akawaonyesha kafuta, wakampa mpaka juisi. Leo mnapanga kuzifufua?

Kamera ya Mjomba:
Mwenye kulalamika alikuwa mmoja, na picha yake imekufa. Wengine hakuna aliyesema neno.

Bint Gerezani:
Hawakusema kwa sababu hawakukuona! Huko ndiko kukubali?

Mwanasheria wa Mchongo:
Dada ana hoja nzito hapo. Kimya cha asiyejua si ridhaa.

Mtoto wa Ng'ambo:
Na CCTV za maduka yote ya Kariakoo je, walimuuliza nani? Zinakupiga tangu unashuka mwendokasi mpaka unapanda. Hapo hamtoki povu.

Bint Gerezani:
CCTV haizifanyii maonyesho.

Mtoto wa Ng'ambo:
Haijakuonyesha wewe tu.

Msela wa Buguruni:
Mie naomba mzee asafishe, tukigombana tugombane na picha zipo.

*(siku kumi na moja baadaye)*

Kamera ya Mjomba:
Wakuu, nimetoka kwa mzee. Zimepona 17. Kuanzia ya 18 kuna moto wa chungwa unaingia kwa pembeni, unakua kila picha mpaka ya 24 unameza kila kitu. Baada ya hapo hakuna kitu. Nimezipiga kwa simu juu ya taa, scan nzuri nitatafuta. Ninaweka tano. Namba 3 mwamvuli mwekundu na mikoba. Namba 6 kijana amelala juu ya marobota ya mitumba. Namba 9 fundi cherehani kibarazani, kitambaa cha zambarau, futi ya kupimia shingoni, anacheka. Namba 14 miguu tu, mtu amebeba masufuria kichwani. Namba 17 mzee anapiga kiatu rangi. Na elfu sabini haikunitoka, mzee amekataa pesa, nimempelekea mchele.

Msela wa Buguruni:
Kumbe safari yote ya mkanda inaishia kwenye simu. Ila namba 3 kali.

Msomi wa Ubungo:
Rangi ya ngozi namba 6 imetoka vizuri. Nasema hivyo kwa shingo upande.

Fundi Mstaafu:
Namba 17 ungesogea hatua moja mbele.

Shangazi wa Chumbageni:
Hiyo ya marobota mwanangu, nimeiangalia mara tatu. Kachoka yule.

Mwanasheria wa Mchongo:
Nasisitiza: namba 6 na 9 nyuso zinaonekana wazi. Ningeshauri uzifunike.

Bint Gerezani:
Usifunike kwanza. Hii namba 9. Ulisema Jumamosi gani?

Kamera ya Mjomba:
Ile ya tarehe 8. Kwani vipi?

Bint Gerezani:
Saa ngapi?

Kamera ya Mjomba:
Tisa na nusu hivi, kabla sijafika kwa jamaa wa miwa. Dada kama ni ndugu yako naitoa sasa hivi.

Bint Gerezani:
Siyo ndugu yangu. Ni fundi wangu. Tarehe 8 alinipigia simu yuko Kilosa kwenye msiba wa baba mkubwa, ndiyo maana gauni langu halijaguswa. Na hicho kitambaa cha zambarau si changu.

Otieno wa Umo:
Wueh.

Msela wa Buguruni:
Mwanasheria, hii inaingia ibara ya ngapi?

Kamera ya Mjomba:
Sasa niitoe au niiache?

Bint Gerezani:
Iache hapo mpaka jioni. Naelekea Kongo sasa hivi.