Daktari wa akili anaongea na kaka yangu, mimi hanisikilizi. Nifanyeje?

Fundi_Tandika
Wanajamvi, habari za jioni. Alhamisi narudi kliniki na sijui nikaseme nini ambacho sijakisema.

Nina miaka 34, ni fundi cherehani. Mwaka jana niliambiwa nina baipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, baada ya kukesha mfululizo na kugawa vitambaa vya wateja kwa majirani. Ugonjwa siukatai. Dawa zilinirudishia usingizi, nashukuru. Kinachonitesa ni haya ya sasa.

Natumia haloperidoli na karbamazepini. Tangu haloperidoli iongezwe, miguu haitulii. Si maumivu, si ganzi. Ni kitu ndani ya miguu kinachonisukuma niinuke. Nakaa kwenye cherehani kuunga bega la gauni, sijafika nusu ya mshono nimeshasimama. Mguu ukiwa kwenye pedali unatikisika, mashine inakimbia na kitambaa. Usiku natembea kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka kitandani, hadi wapangaji wenzangu wamelalamika.

Sasa kliniki. Kaka hunisindikiza. Tukiingia, daktari anafungua faili, anamtazama kaka: "Anaendeleaje?" Kaka kwa nia njema anajibu, "Hatulii, usiku kucha anazunguka." Mara ya mwisho nikasema, "Daktari, hii imeanza baada ya dozi kuongezwa." Hakuinua macho. Akamwambia kaka, "Bado hajatulia, tuongeze kidogo." Nikauliza naongezewa nini, akasema nitaelekezwa dirisha la dawa. Dirishani nikaambiwa: moja asubuhi, mbili usiku. Basi.

Nikilia, anaandika kwenye faili. Nikipandisha sauti, anaandika. Nikinyamaza, anamwambia kaka nimepata nafuu.

Kuna aliyepatwa na hii ya miguu? Na nitamwelezaje daktari bila kila neno langu kuhesabiwa ni ugonjwa? Tafadhali msinishauri niache dawa wala niende kwa mganga, hayo shangazi ameshaniambia.

Nesi_Mstaafu
Pole sana mwanangu. Nimefanya kazi wodi za akili miaka mingi na hali hiyo naijua. Kitaalamu inaitwa akathisia. Haloperidoli huileta, hasa dozi ikipandishwa. Tatizo ni kwamba kwa macho inafanana na fadhaa ya ugonjwa wenyewe, hivyo mgonjwa anaongezewa dawa ileile inayomtesa. Nimeliona hilo mara nyingi na bado linaniuma.

Mweleze daktari vitu vitatu: ilianza lini ukilinganisha na siku dozi ilipopanda, kwamba msukumo uko miguuni na unapungua ukitembea, na kwamba usingizi unao ila miguu ndiyo inakuinua. Mwulize moja kwa moja, "Daktari, hii yaweza kuwa akathisia?" Anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa au kukuongezea dawa ya kutuliza miguu, propranololi. Kama una pumu mwambie mapema, maana propranololi haifai kwa mwenye pumu. Benzeksoli wengi hupewa, ila hiyo husaidia zaidi mwili kukakamaa na mikono kutetemeka.

Usikatishe dawa ghafla. Na shingo ikijipinda, macho yakigandia juu, au ukipata homa kali na mwili kuwa mgumu, usingoje Alhamisi. Nenda dharura saa hiyohiyo.

Swali lingine, samahani kuuliza hadharani: unatumia uzazi wa mpango? Karbamazepini hupunguza nguvu ya vidonge na ya kijiti, na mimba ikiingia ina hatari zake kwa mtoto. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki namna hiyo.

Fundi_Tandika
Mama, hapa nimeishiwa nguvu. Nina kijiti mkononi. Hakuna aliyewahi kuniuliza, si daktari, si dirishani. Na angeniuliza saa ngapi, kaka akiwa amekaa pembeni yangu? Hata mimi ningedanganya.

Nesi_Mstaafu
Kesho nenda kliniki ya uzazi, wapimwe kwanza kama hakuna mimba, kisha mzungumze njia nyingine. Taja jina la dawa, usiseme tu "dawa za akili". Na Alhamisi omba kuonana na daktari peke yako kwanza. Ndugu anaitwa baadaye. Ni ombi la kawaida kabisa.

Mzigua_Tanga
Dada, mimi nilikuwa kwenye olanzapini, dawa nyingine ya akili. Nilinenepa mpaka suruali zote zikanikataa, nina kiu muda wote, nakojoa usiku kucha. Nikimwambia daktari, jibu ni "punguza ugali." Sukari ilikuja kupimwa na mganga wa zahanati ya mtaani kwetu, ikakutwa juu. Kilichonisaidia ni karatasi: nikaandika tarehe, dozi na kilichonipata, nusu ukurasa tu. Maneno ya mdomoni aliyapita, karatasi alilazimika kuisoma.

Tabibu_Kijana
Poleni, ila tuwe na haki kwa madaktari pia. Wataalamu wa akili nchini ni wachache mno. Ukiwa na foleni imefika getini, unamwuliza ndugu kwa sababu wagonjwa wengine kweli hawawezi kujieleza.

Fundi_Tandika
Tabibu, foleni naiona, nakaa humo tangu alfajiri. Lakini "anaendeleaje" na "unaendeleaje" zinachukua muda uleule. Siku naletwa nimefungwa khanga mikononi, sawa, aulizwe kaka. Leo nakuja kwa daladala kwa miguu yangu, nimeacha nguo za watu mezani. Aniulize mimi.

Mkaazi_wa_Kisauni
Dadangu pole. Huku Kenya sheria ya afya ya akili ilirekebishwa 2022, na imeandikwa wazi kuwa mgonjwa ana haki ya kuelezwa matibabu yake na kushiriki katika kuyapanga. Hata hivyo mamangu bado huongelewa juu ya kichwa akiwa amekaa papo hapo. Mimi siku hizi daktari akiniuliza, namjibu, "Mwulize mwenyewe, yuko hapa." Mwambie kakako afanye vivyo hivyo. Yeye akikataa kujibu kwa niaba yako, daktari atageuka tu.

Fundi_Tandika
Nimeongea na kaka usiku huu, nikamsomea hapa mlivyoandika, nikaruka ile ya kijiti. Alikaa kimya, kisha akasema alidhani ananisaidia. Amekubali kubaki nje mpaka aitwe. Karatasi nimeandika. Mama Nesi, nimpe mkononi au nimsomee?

Nesi_Mstaafu
Msomee mistari miwili ya mwanzo, kisha mpe na umwombe aibane kwenye faili. Nakala ibaki kwako. Na dawa atakayoandika, mwombe aitaje jina kabla hujainuka.