Fedha za wazazi: tuchimbe kisima cha shule au tuanze na vyoo?

Mzazi wa Mbagala

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla ya kikao cha wazazi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali huku Mbagala, Dar es Salaam. Tuna wasichana 620 na wavulana 580, lakini matundu ya vyoo yanayotumika ni 12. Kwa kiwango cha Serikali cha tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, tulipaswa kuwa na matundu 55. Bomba hatuna. Watoto huja na madumu ya lita tano kwa zamu za madarasa, na ikifika mapumziko ya saa nne pipa la mlangoni mwa choo limebaki na tope tu.

Kilichonisukuma ni binti yangu wa darasa la sita. Mwezi uliopita niligundua kwamba hanywi chai asubuhi, na nilipomdadisi akaniambia kuwa hataki kushikwa na haja akiwa shuleni, kwa sababu mlango wa choo hauna komeo na ni lazima mwenzake aushike kwa nje. Mtoto anayeshinda na kiu mpaka mchana atafuata vipi somo la hisabati?

Wazazi wengi wanataka kisima. Mimi naona tuanze na vyoo. Je, nimekosea?

Mwalimu wa afya, Temeke

Ndugu mzazi, hujakosea, ila usivitenganishe. Shule niliyofundisha awali ilijengewa vyoo vizuri vya kumwaga maji, vyenye vigae, bila chanzo cha maji. Muhula wa pili vilikuwa vimeziba, kwa kuwa watoto walichambia karatasi za daftari na vijiwe, na tukarudi kwenye vyoo vya zamani tulivyokuwa tumevifunga.

Katika mchoro wenu msisahau chumba cha kujistiri cha wasichana, chenye maji ndani, ndoano ya kutundikia nguo na chombo cha taka chenye mfuniko. Nimeona wasichana wa darasa la saba wakikosa siku tatu au nne kila mwezi, na wakirudi wanakuta mada imeshapita.

Kuhusu fedha, kuweni waangalifu sana. Tangu Rais Magufuli alipozuia michango ya shule Januari 2018, mwalimu mkuu hapaswi kushika fedha za wazazi, kwa hiyo mchango wa hiari upitie serikali ya mtaa na ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Ombeni pia mfuko wa jimbo, yaani fedha za Serikali za kuchochea maendeleo ya jimbo la mbunge, kwani vyoo vya shule ni miongoni mwa kazi zinazoweza kugharamiwa nao.

Fundi wa maji

Naomba niseme kuhusu kisima, maana hapo ndipo fedha nyingi za wazazi hupotelea. Maeneo mengi ya jiji letu yana maji ya chumvi chini ya ardhi, na penye makazi yaliyobanana mashimo ya vyoo vya majirani yako jirani mno. Kisima kinatakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye shimo la choo, na maji yake yapimwe chumvi na vimelea vya kinyesi kabla mtoto hajayanywa. Ikiwa bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, linapita karibu, ombeni kuunganishwa. Hata hivyo, mgawo wa maji wa mwishoni mwa 2022, kina cha Mto Ruvu unaotulisha maji kiliposhuka, ulituonyesha kwamba bomba bila tangi halitoshi.

Angalieni bati lenu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la madarasa lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 8 ni mita za mraba 240, hivyo mvua ya milimita 20, ambayo wakati wa masika ni ya kawaida, hutoa lita 4,800, na hata ukiondoa kinachopotea unakaribia kujaza tangi la lita 5,000. Maji hayo yatumike chooni na kunawia mikono, na ya kunywa yatibiwe kwanza.

Mama wa Tandale

Ndugu mzazi, mmepanga nani atanyonya shimo likijaa? Huku kwetu watu husubiri mvua kubwa ili watapishe vyoo, na kinyesi kinatembea kwenye njia wanazopita watoto kwenda shule. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia humu humu Dar es Salaam, na sisi tuliouguza hatutasahau. Jengeni mahali ambapo gari la majitaka linaweza kufika.

Mzazi wa Mbagala

Ahsanteni sana. Gari haliwezi kufika nyuma ya madarasa tulipokuwa tumepanga, kwa hiyo nitapendekeza upande wa barabarani, ingawa itabidi ukuta uwe mrefu ili wasichana wasionekane na wapita njia. Jumamosi tutapima paa pamoja na mwalimu mkuu. Komeo la mlango sitalisubiri kikao, nimeshamwomba fundi seremala aje kesho.