Naomba ushauri: nimekwama hatua ya mwisho ya kibali cha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa ndani

Wakuu, habari za muda huu. Nimeendesha baiskeli ya barabarani miaka sita, nikadhani uwanja wa mbao utakuwa mteremko. Kumbe! Baiskeli ya kule haina breki, na pedeli zinazunguka muda wote gurudumu likizunguka. Ukijisahau ukaacha kukanyaga, inakurusha. Hilo nimeshalizoea.

Hatua za mwanzo nimepita: kushika mstari mweusi wa chini uwanjani, kupanda hadi ule wa bluu wa juu, kufuatana kwa karibu. Kinachonishinda ni kupokezana zamu ya kuongoza kwenye kundi. Uwanja ni wa mita 250 na kona zimeinuka nyuzi 42 hivi. Anayeongoza anatakiwa apande juu kwenye kona, awaache wenzake wapite chini, kisha ashuke nyuma ya wa mwisho. Mimi nikishuka nakuta pengo la baiskeli tatu, naanza kufukuza kama mwizi. Mkufunzi anasema nachelewa kushuka; mimi nahisi napoteza mwendo mwingi nikiwa juu. Ameshanirudisha mara mbili. (Na kutazama nyuma kabla ya kupanda huwa nasahau, nakiri.)

Mliopita hapa, mnajuaje wakati wa kuanza kushuka? Mnamtazama mwenzenu wa ngapi? Je, kufanya mazoezi barabarani kwa gia moja kunasaidia? Nina wiki mbili kabla ya kujaribu tena. Ila msiniambie tu "jiamini", hiyo nimeshaambiwa sana.