Mchango wa kambi ya kidato cha nne: asiyelipa arudishwe, au asome kwanza?

Mjomba, Newala
Wakuu, habari za jioni. Kikao cha wazazi kimetugawa, nikaona jambo hili nililete hapa. Shule yetu ya kata inataka kidato cha nne wakae kambini kuanzia Septemba hadi mtihani wa taifa, Novemba. Kila mzazi atoe debe la mahindi, maharage na hela ya mpishi. Asiyetoa, mtoto wake hapokelewi.

Kambi naiunga mkono kabisa. Ninachopinga ni huko kurudisha watoto.

Mpwa wangu anatembea saa moja na nusu kwenda shule. Akirudi anachota maji, anakula, ndipo anasoma kwa tochi ya simu. Juzi nilifungua daftari lake la Hisabati: swali la kwanza mpaka la nne safi, la tano limeishia katikati ya mstari. Nikamuuliza. "Hapo chaji iliisha, mjomba." Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, alipata 41, yaani D. C inaanzia 45. Kwenda kidato cha tano anatakiwa walau C tatu, na mpaka sasa anazo mbili. Alama nne tu zinamzuia mtoto huyu, na kambi ina taa usiku kucha na haina mwendo.

Sasa mchango unadaiwa Agosti. Agosti huku kwetu nani ana hela? Yote imeishia kwenye kupulizia mikorosho. Minada inaanza Oktoba, na malipo yanakuja baada ya hapo. Kwa hiyo anayerudishwa ni yuleyule ambaye nyumbani hana taa. Mimi nasema mtoto aingie, mzazi alipe korosho zikiuzwa.

Mwalimu, Lindi
Kaka, nakuelewa, lakini vaa na viatu vyetu. Elimu bila ada ya 2016 ilifuta ada, chakula cha mwanafunzi wa kutwa hakikuwamo. Mwaka juzi tulipokea wote kwa ahadi. Mnada wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wazazi kimya. Deni la unga dukani tulilipa mimi na mwalimu wa taaluma, kwenye mishahara yetu. Bila sharti kambi inavunjika wiki ya tatu, na hapo wanakosa wote, hata wa kwako.

Mjomba, Newala
Pole sana, mwalimu. Deni lile halikuwa lenu, na sisi wazazi tuliwakosea. Ndiyo maana sitaki ahadi ya mdomo. Mzazi asaini mbele ya mwenyekiti wa kijiji, akubali kukatwa na AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kwenye malipo yake ya korosho. Mwenye duka adai kijiji, asimdai mwalimu. Ushuru tunakatwa kila msimu na hatujafa. Hili la mtoto linatushinda nini?

Mwalimu, Lindi
Likiandikwa hivyo na kijiji kikabeba deni, mimi napokea wote. Ila karatasi iwe mkononi mwangu kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa.

Mama, Masasi
Shikamooni. Mnazungumza kama kila mtu ana mikorosho. Mimi nauza vitumbua stendi, sina cha kukatwa AMCOS. Binti yangu yuko kidato cha nne. Hiyo hela ya mpishi mnayochangisha, nipeni mimi zamu ya jikoni. Saa kumi alfajiri huwa nimeshaamka.