Wakuu, hivi kuna hekalu la Frimasoni linaitwa Makka kweli?

dagaa_mwaloni: Salamu wakuu. Niko Mwaloni Kirumba hapa, jana mdogo wangu kanirushia klipu wasapu, wazee wa kizungu wamevaa tarbushi nyekundu zina upanga na mwezi mchanga, msemaji anasema hao ni Frimasoni na hekalu lao linaitwa Makka, kwa hiyo eti Uislamu umetokea kwao na waumini tunafichwa. Dogo wiki ya pili haendi darsa. Nimjibu nini, mimi nimeishia madrasa tu

Bi_Nyegezi: Kaka hekalu lipo, usimkatalie hapo, akigugo akalikuta hatakusikiliza tena. Wanaitwa Shriners, lile la Makka lilianza New York 1872 na kujiunga sharti uwe Frimasoni kwanza. Ila waanzilishi ni daktari na mwigizaji wa jukwaani, na wenyewe wanasimulia huyo mwigizaji alialikwa sherehe ya balozi wa Kiarabu kule Marseille akapenda yale mavazi na maigizo, basi. Mtume s.a.w. kahama Makka 622, mwambie atoe hapo, miaka 1250! Nani kamuiga nani sasa

mwalimu_Igoma: Dada umemaliza, naongeza kidogo tu maana hili linaniuma. 1818 Joseph von Hammer, msomi wa Austria, aliandika historia ya Waismailia (Mashia fulani) wa ngome ya Alamut kule Uajemi akawafananisha na Frimasoni na Templa, wale wapiganaji wa vita vya msalaba, yaani Ulaya walikuwa wanaogopa vyama vyao wenyewe vya siri baada ya mapinduzi ya Ufaransa wakavivisha kilemba, na Waismailia ndio hawahawa majirani zetu hapa mjini, mimi nimesoma nao darasa moja

kijana_Capripoint: Lakini mwalimu, yule mwandishi Mfaransa René Guénon je? Alikuwa Frimasoni Paris na akasilimu

mwalimu_Igoma: Kweli kabisa, na alisilimu kwa dhati. Aliingia tarika ya kisufi ya Shadhilia, 1930 akahamia Cairo akajulikana kama Abdul Wahid Yahya, akaishi huko mpaka kufa 1951. Ila angalia, yeye ndiye aliyekuja kwetu, siyo Uislamu uliotoka kwao. Tatizo maandishi yake yana habari za nguvu fiche zinazopindua dini, watu wa klipu wanachomoa hapo tu, ile miaka ishirini ya kuswali Cairo hawaigusi

dagaa_mwaloni: Hiyo 1250 nimeiandika kwenye karatasi. Ijumaa tukitoka msikitini nakaa naye, sitamgombeza