Weusi wa vikuku vya fedha unafutika, nifanyeje?

Binti wa Ngamiani:
Shikamooni mafundi. Natengeneza pete na vikuku vya fedha 925 (sehemu 925 za fedha katika kila 1000) hapa Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa tatu. Ili nakshi ionekane natia weusi kwa yai: nachemsha, naliponda, nafungia na pete kwenye kopo usiku kucha. Asubuhi zinatoka nyeusi tii. Juzi mama mmoja amenirudishia kikuku cha harusi ya mwanawe. Wiki mbili tu, mgongo umekuwa mweupe, weusi umebaki madoa madoa kama upele. Nilimrudishia hela yake, na usingizi sikuupata. Kuna aliyenishauri nitumie salfa ya mikorosho, ile dawa wanayopulizia mikorosho shambani. Msinifiche jamani.

Fundi Dunda:
Marahaba mwanangu. Nipo Bagamoyo, kazi hii nimezeekea.

Weusi huo si rangi. Ni fedha yenyewe imeshikana na salfa iliyomo kwenye yai, utando mwembamba mno. Panaposuguana na nguo na meza lazima utoke, hata ungetumia dawa gani. Kwa hiyo weusi mpe mahali pa kujificha. Chimba nakshi kwa tindo mpaka ukipitisha ukucha unakwama. Usipokwama, bado hujachimba.

Kazi ya kulehemu iishe kwanza, maana moto unaondoa weusi. Kisha osha kwa brashi na sabuni ya vyombo, na usiguse tena kwa vidole. Hayo madoa nadhani yalitokana na mafuta ya mikono.

Yai linafaa, ila linakwenda litakavyo. Mimi natumia vile vipande vya salfa iliyopikwa na potasi, vyenye rangi ya ini. Kipande cha ukubwa wa punje ya kunde kwenye kikombe cha maji ya moto yasiyochemka. Chovya kidogo, toa, suuza kwa maji baridi, rudia. Utaona umanjano wa dhahabu, halafu zambarau, buluu, kijivu, ndipo weusi. Ukikoleza dawa ili umalize upesi, utando unakuwa mnene na unabanduka kama ganda. Mwisho sugua mgongo ung'ae, weusi ubaki mashimoni.

Mwalimu wa Kemia:
Dada, salfa ya mikorosho ni unga usioyeyuka kwenye maji. Ukiichemsha na chokaa unapata maji ya rangi ya chungwa yanayotia fedha weusi kweli, ila fanyia uwanjani. Na iwe hiyo, iwe dawa ya Fundi, isikutane kabisa na tindikali unayosafishia fedha. Inatoa hewa yenye harufu ya yai viza, na hewa hiyo inaua.

Binti wa Ngamiani:
Ahsanteni sana. Na ule weusi wa kuyeyushwa, wanaoutia Warusi na Wathai?

Fundi Dunda:
Huo ndio unaodumu hasa. Wanayeyusha fedha, shaba, risasi na salfa, wanajaza kwenye nakshi. Lakini moshi wa risasi nyumbani kwenye watoto, hapana mwanangu. Halafu muulize yule mama alikisafishaje. Magadi na karatasi ya alumini kwenye maji ya moto vinaondoa weusi wote.

Binti wa Ngamiani:
Nimempigia. Anasema alikifuta kwa kitambaa tu. Nimepitisha ukucha kwenye nakshi yangu, umeteleza. Kikuku ninacho bado, kesho nakichimba upya.